Kodi ya mapato Marekani na Katiba: hoja ipi ina uzito, na mlango upi uingie ukitaka kupinga

Mwezi wa tatu kwangu hauna usingizi. Ninawajazia watu ritani za kodi hapa Columbus, Ohio, na wengi wao ni wenzetu: wa Mombasa, wa Bukavu, wa Kigoma, wa Bujumbura waliopitia kambini Nyarugusu. Msimu huu aliingia kijana mmoja anayeendesha lori lake mwenyewe. Akaniamkia, akakaa, na badala ya kutoa karatasi za mwaka akatoa simu.

"Shangazi, sikiliza hii kwanza."

Ilikuwa video ndefu. Bwana mmoja mwenye tai anaeleza kwamba kodi ya mapato ya Marekani inavunja Katiba, kwamba Mahakama ya Juu ilishatamka hivyo, na kwamba ukimlipa atakupa barua za kuwatumia IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, wakakuacha na hela yako. Nilisikiliza yote, kwa sababu kijana alikuwa na adabu na chai ilikuwa bado ya moto. Kisha nikamwambia: huyu ana ukweli mmoja na uongo mwingi, na ule ukweli mmoja ndio hamira inayoumua mkate wake wote.

Na kwa kuwa si yeye wa kwanza kuniletea maneno haya, naziweka hoja hapa ubavu kwa ubavu, za kweli na za kuuzwa, na njia za kupinga kodi nazo vilevile, ili mtu achague akiwa anaona.

Ule ukweli mmoja

Katiba ya Marekani inazigawa kodi mafungu mawili. Ushuru wa bidhaa na wa shughuli sharti uwe na kiwango kimoja nchi nzima. Kodi za "moja kwa moja" sharti zigawiwe majimbo kwa idadi ya watu, kufuata sensa. Lakini kodi ya moja kwa moja ni ipi? Tarehe 20 Agosti 1787, wakiwa Philadelphia wanaiandika Katiba hiyo, mjumbe Rufus King aliuliza swali hilohilo. James Madison akaandika katika kumbukumbu zake kwamba hakuna aliyejibu. Kimya cha siku ile kimewalisha mawakili zaidi ya miaka 200.

Kanuni hiyo ya kugawa kwa sensa haikutoka mbinguni. Ilifungwa kamba moja na hesabu ya watumwa: majimbo ya kusini yalitaka watumwa wahesabiwe ili yapate viti vingi bungeni, na yakaambiwa hesabu hiyohiyo, ya watumwa watano kuwa watu watatu, itatumika pia kwenye kodi. Wauza barua hawagusi sehemu hii.

Tazama kanuni yenyewe inavyofanya kazi. Chukua majimbo mawili, kila moja lina watu milioni 1, kila moja lidaiwe dola milioni 10. Jimbo tajiri lina mapato ya dola bilioni 1, kwa hiyo watu wake watakatwa asilimia 1. Jimbo maskini lina mapato ya dola milioni 200, kwa hiyo wake watakatwa asilimia 5. Maskini anakamuliwa mara tano ya tajiri. Ndiyo maana kuipa kodi ya mapato jina la "kodi ya moja kwa moja" ilikuwa sawa na kuichinja.

Kwa muda mrefu mahakama ilikataa kuichinja. Mwaka 1796, katika kesi ya Hylton, iliamua kwamba kodi ya magari ya kukokotwa na farasi si ya moja kwa moja, na aliyeitetea serikali alikuwa Alexander Hamilton mwenyewe, aliyekuwa waziri wa fedha. Mwaka 1881, katika kesi ya Springer, iliipitisha hata kodi ya mapato iliyotozwa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kisha ikaja sheria ya 1894: asilimia 2 kwa mapato yanayozidi dola 4,000, kiasi ambacho enzi zile kilikuwa cha matajiri tu. Charles Pollock, mwenye hisa 10 katika kampuni ya Farmers' Loan & Trust, akaishtaki kampuni yake ili isiilipe. Wakili Joseph Choate akawaambia majaji kwamba sheria hiyo imejaa ukomunisti na usoshalisti. Tarehe 20 Mei 1895 wakamwitikia, watano kwa wanne. Kodi ikafa.

Kwa hiyo ni kweli: palikuwa na wakati ambapo Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kodi ya mapato ya taifa haisimami. Bwana wa video hakuzusha hilo. Alichokificha ni mambo mawili.

La kwanza, uamuzi wa 1895 ulihusu mapato yanayotokana na mali: pango la nyumba, riba, gawio la hisa. Mshahara wa mtu na faida ya kazi yake majaji hawakusema ni kodi ya moja kwa moja. Sheria nzima iliangushwa kwa sababu ukiondoa mali, mzigo wote ungebaki kwa wafanyakazi na wenye ujuzi wao, jambo ambalo Bunge halikulikusudia. Yaani kesi anayoishika dereva kama ngao ilimkinga mwenye majumba. Yeye haikumfunika hata kidole.

La pili ni 1913.

1895 na 1913: ipi inatawala?

Hapa sikawii. Mwaka 1909 Bunge lilipendekeza Marekebisho ya 16 ya Katiba: Bunge linaweza kutoza kodi ya mapato, yatoke chanzo chochote, bila kuyagawia majimbo na bila kutazama sensa. Alabama ilikuwa ya kwanza kuridhia. Tarehe 3 Februari 1913 idadi iliyohitajika ikatimia, majimbo 36 kati ya 48, na tarehe 25 mwezi huohuo waziri wa mambo ya nje Philander Knox akatangaza rasmi. Sheria ya Oktoba mwaka ule ilianza na asilimia 1 kwa mapato yaliyozidi dola 3,000.

Mwaka 1916, katika kesi ya Brushaber, mahakama ileile ikaithibitisha. Aliyeandika uamuzi alikuwa Jaji Mkuu Edward White, mmoja wa wale wanne walioshindwa mwaka 1895. Alisubiri miaka 21. Ningelipa nauli kuuona uso wake siku ile.

Anayekutolea 1895 bila 1913 ni sawa na anayekuonyesha hati ya kiwanja kilichokwisha kuuzwa.

Hoja zinazopewa kiti, na zinazofukuzwa mlangoni

Ubishi wa Katiba haukuisha lakini, na hapa lazima mtu ajue kutenganisha. Ubishi ulio hai hauulizi tena kama serikali inaweza kutoza kodi ya mapato. Unauliza neno "mapato" linabeba nini.

Mwaka 1920 Myrtle Macomber alishinda: kampuni ilimwongezea hisa badala ya pesa, serikali ikazidai kodi, mahakama ikasema hisa za nyongeza si mapato, kwa sababu hakuna kilichotoka mfuko wa kampuni kikaingia wake. Keki ni ileile, imekatwa vipande vingi zaidi. Mwaka 1955, katika kesi ya Glenshaw Glass, maana ikapanuliwa: kila ongezeko la wazi la mali ambalo mtu amelipata mkononi na analimiliki. Na mwaka 2024 wakaja Charles na Kathleen Moore wa jimbo la Washington. Waliwekeza dola 40,000 katika KisanKraft, kampuni ya India inayouza zana za wakulima. Kampuni ikapata faida, haikuwagawia hata senti, lakini sheria ya 2017 ikawadai dola 14,729 kwa faida iliyolala ndani ya kampuni. Waliuliza: nitozweje kodi ya kitu ambacho hakijanifikia? Tarehe 20 Juni 2024 wakashindwa, majaji saba kwa wawili. Jaji Brett Kavanaugh alisema Bunge lina haki ya kuhesabu faida ya kampuni kuwa ya wenye hisa. Ila swali kubwa, kama mapato lazima kwanza yamfikie mtu, waliliacha bila kulijibu, kwa makusudi.

Hiyo ndiyo hoja yenye uzito. Tazama sura yake: ina tarakimu, ina sheria moja mahususi, wenyewe walilipa kwanza kisha wakadai, na hata waliposhindwa hakuna aliyewaita wahuni.

Sasa ziweke kando yake zile za video.

*Ohio haikuwa jimbo.* Hii naipenda kwa sababu ndiko ninakokaa. Inasemwa kwamba Bunge lilisahau kupitisha azimio rasmi la kuipokea Ohio mwaka 1803, likaja kulipitisha 1953, kwa hiyo kura ya Ohio kuridhia Marekebisho ya 16 ni batili. Azimio la 1953 ni la kweli, na lilirudisha tarehe nyuma hadi 1 Machi 1803. Mahakama zimeikataa hoja hii kila ilipoletwa. Hata hesabu ya dukani inatosha: Knox alitangaza majimbo 38, yaliyohitajika 36. Toa Ohio, yanabaki 37.

*Nakala za majimbo zilikuwa na makosa ya herufi na nukta.* Zilikuwa nayo. Mwanasheria wa wizara aliyaona mwaka uleule wa 1913 na akamshauri Knox aendelee, kwa kuwa marekebisho ya awali nayo yalipita na makosa ya aina hiyo. Majaji wanasema tangazo rasmi likishatoka, mlango umefungwa.

*Mshahara si mapato, ni kubadilishana jasho kwa pesa.* Tamu masikioni, hasa ukishuka kwenye lori saa tisa usiku. Lakini sheria inapoorodhesha mapato, ya kwanza kabisa ni malipo ya kazi. Hakuna mahakama ya rufaa iliyoikubali hoja hii.

*Kodi ni ya hiari.* Hii ina kichekesho chake. Wauzaji hunukuu kesi ya Flora ya 1960, ambamo Mahakama ya Juu ilisema mfumo wa kodi unasimama juu ya mtu kujikadiria na kulipa kwa hiari. Maana yake ni kwamba wewe ndiye unayejaza hesabu yako, askari haji mlangoni kukujazia. Na kesi hiyohiyo ya Flora iliamua nini? Kwamba ukitaka kwenda mahakama ya wilaya kudai kodi yako urudishiwe, sharti kwanza uilipe yote. Wanaitumia kesi ya "lipa kwanza" kumshawishi mtu asilipe.

Tofauti ya makundi haya mawili unaionja kwenye bei. Ukileta hoja ya aina ya Moore na ukashindwa, umeshindwa, basi. Ukipeleka ritani yenye hoja ambazo IRS imeziorodhesha kuwa za upuuzi, faini ni dola 5,000 kwa kila moja. Ukizipeleka Mahakama ya Kodi, jaji anaweza kukuongezea hadi dola 25,000 kwa kumpotezea muda. Mwaka 1984 mahakama moja ya rufaa ilisema haioni haja ya kuzijibu kwa utulivu na kwa rundo la kesi, maana kufanya hivyo kungezipa heshima zisizostahili.

Kwetu je?

Kijana aliniuliza hili, ndiyo nalitaja. Tanzania, ibara ya 138 ya Katiba inasema hakuna kodi ya aina yoyote itakayotozwa ila kwa sheria iliyotungwa na Bunge. Kenya, ibara ya 209 inaitaja kodi ya mapato kwa jina na kuiweka mikononi mwa serikali ya taifa. Kwa hiyo ule ubishi wa 1895 huko hauna pa kuota. Lakini ubishi wa aina ya Moore umeota: mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Machakos iliifuta kodi ya kima cha chini, ile ya asilimia 1 ya mauzo, kwa sababu iliwagusa hata wanaopata hasara, na mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo mwaka 2022. Wafanyabiashara walishinda kwa kuingia mahakamani na kuhoji neno "mapato". Hawakukaa nyumbani na barua ya kununua.

Milango mitatu, na ukuta mmoja

Sasa tuseme kweli una ubishi na IRS, uwe wa Katiba au wa risiti. Uingie wapi?

Mlango wa kwanza ni Mahakama ya Kodi. Kwa njia ya mahakama, huu ndio pekee unaokuruhusu kubishana kabla ya kulipa. IRS ikitaka kukuongezea kodi, sharti ikuletee ile inayoitwa barua ya siku 90. Unahesabu siku 90 kuanzia tarehe ya barua, 150 kama imeandikwa kwenda anwani iliyo nje ya Marekani, na siku ya mwisho imechapwa juu yake. Ada ni dola 60, na asiye nazo anaweza kuomba asamehewe. Hakuna juri. Majaji wake husafiri mji hadi mji, hata hapa Columbus hufika. Kama ubishi hauzidi dola 50,000 kwa mwaka mmoja wa kodi, unaweza kuomba utaratibu wa kesi ndogo, unaosikilizwa kama mazungumzo ya meza moja. Ubaya wake: ukishindwa huko hakuna rufaa. Na wakati unabishana, riba inatembea.

Mlango wa pili: lipa yote, omba urudishiwe kwa fomu 1040-X, ile ya kurekebisha ritani, wakikataa au wakikaa kimya miezi sita, fungua kesi. Kupeleka ombi hilo una miaka mitatu tangu upeleke ritani au miwili tangu ulipe, ule muda utakaochelewa kwisha. Hapa unachagua tena: mahakama ya shirikisho ya wilaya, ambako unaweza kupata juri ya raia wa kawaida, au Mahakama ya Madai ya Shirikisho huko Washington, isiyo na juri. Riba haikuli, maana umeshalipa. Mlango huu ni wa mwenye pesa na hoja nzito. Akina Moore walipita hapa.

Mlango wa tatu watu hawauoni kwa sababu hauna kelele: ofisi ya rufaa ya ndani ya IRS, na kliniki za walipakodi wa kipato cha chini ambako mawakili wanakusimamia bure au kwa pesa kidogo. Kwa mtu anayebishania risiti, mimi humwambia abishe hodi hapa kwanza, ila asiache siku 90 zimpite akisubiri, kwa sababu mazungumzo hayasimamishi kalenda.

Ukuta ndio ule wa video: usipeleke ritani kabisa. Wengine wanauona kama mlango wa nne kwa kuwa umepakwa rangi ya mlango. Nyuma yake pana asilimia 5 ya kodi kila mwezi hadi 25, kisha riba. Usipopeleka ritani, ile miaka mitatu ambayo kwa kawaida IRS inapewa kukukagua haianzi kuhesabiwa, kwa hiyo wanaweza kukujia baada ya miaka 15. Wesley Snipes, huyo wa sinema, alikutwa na hatia mwaka 2008 ya kutopeleka ritani za miaka mitatu akishikilia hoja za namna hii. Alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu.

Lakini kesi ninayopenda kuwasimulia ni ya John Cheek, rubani wa American Airlines, kwa sababu inagusa neno Katiba lenyewe. Alihudhuria semina, akaamini, akaacha kupeleka ritani. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu ilisema hivi: asiyeielewa sheria kwa moyo safi anaweza kujitetea kwamba hakuvunja kwa makusudi, hata kama uelewa wake ni wa ajabu. Ila anayesema "naielewa, lakini ni kinyume cha Katiba" hana utetezi huo, kwa kuwa amekiri kwamba ameisoma na anaijua. Kesi ikarudishwa isikilizwe upya, na akakutwa na hatia. Yaani ile barua ya kununuliwa, yenye kurasa nane za Katiba, ndiyo ushahidi wa makusudi. Umeiandika mwenyewe, umeitia saini, umeipeleka kwa rejista.

Na kwa sisi wenye grinikadi pana jingine ambalo bwana wa video, aliyezaliwa hapa, hana sababu ya kulijua. Baadhi ya barua hizo hukutaka ujitangaze kuwa "mgeni asiye mkazi" wa Marekani. Fomu ya kuomba uraia, N-400, inauliza waziwazi kama tangu upate ukazi umewahi kujiita hivyo kwenye ritani, au kuacha kupeleka ritani kwa kujiona hivyo. Inauliza pia kama una deni la kodi lililopitisha muda. Mzaliwa wa hapa akicheza mchezo huu anahatarisha pesa na pengine uhuru wake kwa muda. Wewe unahatarisha na mahali pa kuishi.

Kijana alinyamaza kidogo, akageuza kikombe. Nikamuuliza swali ambalo ilinibidi niulize mwanzo: kwani IRS wamekufanyia nini? Akatoa bahasha mfukoni, imekunjwa mara nne. Ilikuwa barua ya siku 90. Walimkatalia gharama za dizeli na matengenezo za mwaka mzima kwa sababu hakujibu barua zao za awali, zilizokuwa zinakwenda kwenye nyumba aliyohama. Dola elfu kumi na moja na ushei.

"Risiti unazo?"

"Ninazo, shangazi. Ziko kwenye boksi la viatu, chini ya kiti cha lori."

Nikashusha kalenda ukutani tukahesabu kwa kidole. Siku 61 zilikuwa zimekwenda. Akaamka kwenda kulileta boksi.